Kombo Aliyekuwepo Akaandikwa Hayupo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaajiriana kama watu, Pimbi Kombo alifyatua matofali kwenye tanuri la Bwana Nyati.

Pimbi walikuwa wachache, na dini yao ndogo kama wao. Asubuhi ya mwezi mwandamo hawatamki neno mpaka jua liwapashe matumbo. Mikono inafanya kazi, moyo unamshukuru Mungu. Basi! Kuna ubaya gani hapo, wanangu?

Ubaya ulikuwa kwenye daftari. Kila alfajiri Nyati aliita majina, na kila mfanyakazi alitakiwa kujibu, "Nipo!"

"Kombo!"

Jii.

"Kombo, nakuona, umeshika tofali! Itikia!"

Jii.

"Hayupo," Nyati akaandika, chwa chwa chwa. Miezi mitatu ikawa hivyo, na mara ya tatu akamfukuza kwa utoro. Matofali ya huyo mtoro yalikuwa yanakauka pale pale uani!

Kombo alirudi nyumbani moyo unamchoma.

"Mume wangu, si ungesema tu?" Siwatu, mkewe, akamuuliza. "Neno moja! Watoto watakula nini?"

"Baba aliomba hivyo, na babu pia. Nikilisema neno hilo, nitakuwa nani?"

Akashtaki. Hakimu Twiga akaahirisha leo, akaahirisha kesho, mwaka ukaisha. Siku ya kesi Nyati alifika na kanuni zake mkononi.

"Mheshimiwa, imeandikwa: asiyeitikia jina hayupo!"

Kombo hakubisha. Akaanza kusimulia tofali la kwanza alilofyatua, la pili, la tatu... Twiga akapiga miayo. Kombo akaendelea mpaka saa sita, saa ambayo nyati wote huabudu kwa kuzamisha pua matopeni. Ngoma yao ikalia, ndu ndu ndu! Nyati akakimbilia dimbwi la pale barazani, akapiga magoti, chubwi!

"Mheshimiwa," Kombo akasema, "mwite jina."

"Bwana Nyati!"

Bwabwabwa. Mapovu matupu.

"Mwite tena."

"Bwana Nyati!"

Bwabwabwa.

"Basi andika hayupo, kesi imemshinda."

"Wewe! Huoni mwenzio yuko kwenye ibada?"

"Na mimi nilikuwa kwenye nini, Mheshimiwa?"

Twiga akameza mate, na kwa shingo ile yalichukua muda kufika. "Kombo arudi kazini," akasema. "Kimya chake kiandikwe yupo."

Kombo alirudi asubuhi ya mwezi mwandamo, kifua mbele. Alifurahi, nawaambia, alifurahi kama mtoto! Nyati akafungua daftari.

"Kombo!"

Jii.

"Yupo," Nyati akaandika, wala hakununa.

"Mbaruku!"

Mbaruku alikuwa mdogo wake Kombo, pimbi wa baba mmoja na mama mmoja.

"Nipo!"

Kombo akageuka, macho yamemtoka.

"Siwatu!"

Siwatu alikuwa ameajiriwa hapo tangu kesi ianze, maana watoto walilazimika kula. Alitazama chini.

"Nipo," akasema.

Na pimbi wengine wote walioajiriwa mwaka ule wa kesi, mmoja mmoja: "Nipo! Nipo! Nipo!" Walishazoea kuitikia.

Jua likachomoza, likampasha Kombo tumbo. Sasa aliruhusiwa kusema, lakini hakuwa na la kusema.

Jifunzeni hili, wanangu: haki ikingojewa mno, humkuta aliyeipigania amebaki peke yake.