Mchai wa Jana Hauchumwi Leo

Kwetu husemwa: mchai wa jana hauchumwi leo. Jana mlimsikia kapteni wenu akimwambia hivyo yule mwenzenu aliyetaka kubaki uwanjani baada ya mazoezi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza msemo huo umetoka kwa nani. Wengi hudhani ni wa mababu. Si wa mababu. Nilikuwepo ulipozaliwa, na haukuanzia shambani kama mnavyofikiri. Ulianzia kitandani.

Mimi na dada yangu Sekela tulilala kitanda kimoja. Alfajiri moja ya masika niliamka nikasikia godoro linadunda. Lilidunda kidogo sana, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. Nilidhani ni panya. Nikanyoosha mkono kumwamsha dada, ukagusa mgongo wake, ndipo nikajua kwamba ni moyo wake. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, lakini moyo ulikwenda mbio kama wa mtu aliyetoka kupanda kilima na kapu limejaa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata pia. Zamani nilikuwa nikilala nimeegemea mgongo wake wala siusikii.

Sikusema neno. Mimi nilikuwa mtu wa kuona, si wa kusema.

Lakini mkitaka kuelewa kwa nini moyo wa dada ulifika hapo, lazima mjue kuhusu jina alilopewa. Mwaka uliotangulia, Jumatatu ya Pasaka, timu yetu ya mpira wa pete ilicheza na timu ya bondeni, kama inavyocheza kila Pasaka. Sekela ndiye aliyekuwa mfungaji wetu. Mpira wa mwisho aliupata akiwa chini ya nguzo, mzuiaji ameteleza kwenye tope, yuko peke yake na pete. Akarusha. Ukagonga chuma, ukaenda pembeni. Tukafungwa kwa goli moja.

Tangu siku ile watu wa bondeni walimwita Sekela Pembeni. Akienda sokoni na viazi, "Pembeni, fungu bei gani?" Akipita njiani, watoto wanasogea ukingoni na kupiga kelele, "Kaeni pembeni, Pembeni anapita!" Hata huku kwetu wapo waliolichukua jina hilo, wakidhani ni utani mtamu. Dada alikuwa anacheka nao. Akifika nyumbani hacheki.

Akaapa kwamba Pasaka inayofuata jina hilo litafia uwanjani. Akaomba kipande cha nondo, akakikunja mviringo, akakipigilia kwenye mti wa mgrevilea nyuma ya jiko. Alfajiri alikimbia kushuka mtoni na kupanda. Mchana tulichuma chai. Jioni alikwenda mazoezini na wenzake, na wenzake wakirudi makwao, yeye alibaki kwenye mgrevilea akirusha mpaka pete isionekane tena kwa giza. Jumapili nayo hakuiacha. Mama alijisifu kwa majirani: "Mwanangu ana bidii. Siyo hawa wenu wa kulala kama maboga."

Na mwanzoni ilifaa. Mipira iliingia mpaka ukachoka kutazama.

Masika yalipokolea, mambo yakageuka. Sekela, ambaye alikuwa akikwangua sufuria ya ndizi kwa vidole, akaanza kuacha chakula. Mafua yakamwingia, hayakutoka. Usiku anageuka huku na huku. Mchana nikimwaga maji kidogo tu ananifokea kana kwamba nimemwaga mtoto. Akishuka kilima anashika migomba mmoja baada ya mwingine, miguu mizito. Hata siku zake za mwezi hazikuja. Hili nawaambia kwa sababu ninyi ni wasichana na linawahusu. Mimi nililijua, naye akanibana mkono: "Bupe, usithubutu. Ukimwambia mama atamtafuta mwanaume ambaye hayupo."

Na mipira ikaanza kukosa. Alipokosa, alirusha zaidi. Aliporusha zaidi, alikosa zaidi. Atuganile, kapteni wao, akaanza kumtazama kwa jicho la kupima, na kuna jioni nilimsikia akimwuliza msichana mwingine kama anaweza kufunga. Sekela naye alisikia. Jioni ile alibaki kwenye mgrevilea huku mvua inanyesha.

Sasa, shamba letu mnalijua. Lilikuwa limegawanywa vipande, kama lilivyo leo. Tunachuma kipande hiki leo, kesho kile, tunazunguka hivyo hivyo mpaka tunarudi tulikoanzia, na tunaporudi tunakuta machipukizi yameshatoka. Hakuna mtu wa huku ambaye hajui hilo. Mtoto hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Siku moja ya ukungu, mimi na mama tulikuwa kipande cha juu. Sekela alikuja nyuma yetu na kapu lake. Nilipogeuka sikumwona. Nikamtafuta kwa macho, nikamwona kule chini, katika kipande tulichokichuma jana yake. Alikuwa ameinama, anachuma. Vidole vilikwenda kasi kama kawaida, vinatupa nyuma kapuni bila yeye kutazama.

Mama naye akamwona.

"Sekela! We Sekela! Unafanya nini huko?"

"Nachuma, mama."

"Unachuma nini huko? Mchai wa jana hauchumwi leo!"

Wanawake wa shamba la jirani wakasikia. Mmoja akainua kichwa, akaita, "Mwache, mama Sekela, anaitafuta pete humo!" Wakacheka mpaka makapu yakatikisika.

Sekela aliteremsha kapu akatazama ndani. Hakukuwa na majani mawili na chipukizi, yale yanayochumwa. Kulikuwa na vijiti, na majani magumu ya chini ambayo hata mbuzi angefikiria kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa mchumaji bora wa kilima kile. Akaketi kwenye tope katikati ya safu, akaanza kulia bila sauti.

"Sikuona, mama," akasema. "Sikuona kabisa."

"Hukuona nini? Umelogwa?"

Hapo kitu kikanisukuma. Mpaka leo sijui kilikuwa nini.

"Mama," nikasema, "hata yeye ni wa jana."

"Nani?"

"Dada. Anachumwa kila siku. Alfajiri anachumwa, mchana anachumwa, jioni anachumwa. Hajaachwa achipue."

Mama akanitazama kana kwamba kichaka cha chai ndicho kimesema. "Bupe, hebu sema vizuri."

Nikasema. Nilieleza habari za moyo, chakula, mafua na migomba anayoishika. Hata lile la mwezi nililisema, nikiwa nimetazama vidole vya miguu yangu.

"Mbea mkubwa!" Sekela akanipigia kelele kutoka kwenye tope. "Nyoka wa kitandani!"

Mama hakupiga kelele. Alishuka, akachutama, akaweka kiganja kifuani kwa dada. Dada alikuwa ameketi muda wote huo, lakini moyo ulikuwa bado unakwenda mbio; nikaona uso wa mama unabadilika.

"Tangu lini?" akauliza. Akaniuliza mimi, si yeye.

Kesho yake walikwenda zahanati. Muuguzi akapima malaria, hakuna. Akapima mimba, hakuna, na Sekela aliniambia baadaye kwamba mama alishusha pumzi mpaka karatasi za mezani zikapeperuka. Muuguzi akauliza anafanya kazi gani, anakula nini, analala saa ngapi. Akasikiliza yote. Kisha akasema: "Binti, ukikimbia unajibomoa. Ukilala na kula ndipo unajengeka. Wewe umebomoa tu, hujampa fundi nafasi." Akamwambia apumzike kabisa mpaka moyo utulie, ale, na akirudi mazoezini awe na siku za kucheza na siku za kuacha. Yasipokwisha, arudi apimwe tena.

Sekela alirudi akilia kuliko alivyokwenda. "Pasaka iko mlangoni! Nikilala mkono utasahau!"

"Mkono wako ulikuwa wapi jana shambani?" mama akamjibu. "Ulikumbuka?"

Atuganile akaja jioni ile ile, bado ana filimbi shingoni. Hakuketi.

"Shikamoo, mama. Nasikia mfungaji amelazwa na hana homa."

"Marahaba. Ndiyo, amelala."

"Mama, samahani, lakini wenzake wanakimbia. Watu wa bondeni wanakimbia. Huyu akilala sasa, si tunawapa mechi mkononi?"

"Atuganile mwanangu, kile kipande chenu cha kanisani mlikichuma lini?"

"Jana."

"Kesho asubuhi nenda ukakichume."

Atuganile akacheka. "Mama naye! Nikachume vijiti?"

"Basi na huyu sasa ni vijiti. Unataka kupeleka vijiti kwenye mechi?"

Atuganile alitazama mlango wa chumba chetu, akaitoa filimbi shingoni na kuitia mfukoni. "Nitampanga mwingine kuanza," akasema. "Huyu nitamweka akiba. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo."

"Hatujaomba zaidi," mama akasema.

Sekela alilala. Siku za kwanza alilala kwa hasira, uso ukutani. Kisha akalala kweli. Nilimkuta mchana amejikunja na kijiko mkononi, sahani ya viazi tupu pembeni yake. Akaanza kunitania tena. Akaniita nyoka wa kitandani, lakini sasa kwa kicheko. Na alfajiri moja niliamka, nikasubiri, godoro likawa kimya.

Siku alipoushika mpira tena, alikosa wa kwanza. Akakosa na wa pili. Niliona anakaza meno, anataka kuendelea mpaka giza. Mama akamwita jikoni kumenya viazi, akaja. Kesho yake hakugusa mpira. Kesho kutwa alipourudia, uliingia bila kugusa chuma. Akageuka kunitazama kama mtu aliyeokota kitu chake barabarani.

Atuganile alikuwa akipita kuchungulia. Kisha timu nzima ikaanza kuacha siku moja kila baada ya siku kadhaa, na mmoja akiuliza kwa nini, Atuganile anamjibu maneno ya mama: "Mchai wa jana hauchumwi leo."

Pasaka ikafika. Robo ya kwanza na ya pili Sekela alikaa kwenye benchi na khanga begani. Watu wa bondeni walikuwa wanaongoza, na walikuwa wanaimba jina lake hata akiwa amekaa: "Pembeni kawekwa pembeni!" Robo ya tatu Atuganile akamnyooshea kidole. Akavua khanga, akaingia.

Mpira wake wa kwanza ulikosa.

Uwanja mzima ukalipuka: "Pembeeeni!"

Naye akacheka. Siyo kile kicheko cha sokoni. Alicheka kama mtu anayemsikia mtoto akikosea wimbo, akarudi mahali pake, akainua mikono kuomba mpira mwingine. Ule ukaingia. Uliofuata ukaingia. Wazuiaji wa bondeni walikuwa wametoka kufanya mazoezi mpaka usiku wa Jumamosi, walituambia wenyewe baadaye, na robo ya nne walikuwa wanaruka kama waliofungwa mawe. Sekela aliruka kama ndiyo kwanza ameamka. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa sawa kwa sawa.

Hatukushinda. Lakini hakuna mtu wa bondeni aliyepata nguvu ya kuimba. Mfungaji wao, Tusekile, ambaye ndiye aliyelianzisha lile jina, akaja kumpa dada mkono, anahema.

"Sekela, umekula nini wewe?"

"Viazi. Na nimelala."

"Usinifiche."

"Nimelala, dada. Haki ya Mungu."

Tusekile akamgeukia Atuganile ili aambiwe ukweli. Atuganile akamwambia, "Mchai wa jana hauchumwi leo." Watu wa bondeni nao wanachuma chai. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akabaki akitikisa kichwa, anacheka na kukohoa, na msemo ukashuka naye bondeni. Sasa mnausikia mpaka kwa wanakwaya na kwa wanafunzi wa mitihani. Na dada yangu anaitwa Sekela.

Hapo ndipo watu humalizia. Lakini siku zile Sekela alipolala, chai haikulala. Mvua ilikuwa nyingi, machipukizi yalitoka, na safu zake zilitaka mtu. Nilizichuma mimi, pamoja na zangu. Mama akawa anawaambia majirani, "Bupe hachoki." Neno hilo lilipendeza kusikia. Likaniganda. Mtu akiugua, Bupe atachuma. Mwenye mtoto mchanga, Bupe atamchumia. Hata Sekela alipoolewa, kipande chake kilibaki kwangu. Kila wakisema Bupe hachoki, mimi natabasamu na kuinua kapu.

Nimewasimulia mengi leo kuliko kawaida yangu, kwa hiyo acheni nimalize na hili, ambalo sijamwambia mama wala dada. Nilichoka. Nilichoka masika yale, na nimechoka sasa. Mlikuja kuniuliza habari ya msemo, na najua mlikuja pia kuniita tukachume kipande cha juu. Nendeni. Mama akiwauliza Bupe yuko wapi, mwambieni amelala. Akishangaa, mwambieni maneno yake mwenyewe: mchai wa jana hauchumwi leo.