Kibao Kilichopigwa Tupa

Mtu mmoja alikuwa na mke, na yule mke alikuwa na kompyuta. Mtu mwenyewe aliitwa Shekiondo, fundi wa kuchonga funguo pale sokoni. Mke aliitwa Mwantumu. Kompyuta ilikuwa ya mezani, ile yenye sanduku lake la bati na kioo chake, na Mwantumu alikuja nayo kutoka kwao siku alipoolewa, imeviringishwa kwenye godoro isije ikagongwa. Alikuwa anachapa nayo. Barua za watu, mitihani ya walimu, katiba za vikundi vya akina mama. Ndiyo iliyomweka mjini. Mtu akitaka karatasi inayoeleweka anaambiwa, nenda kwa Mwantumu.

Haikuwa na haraka ile kompyuta, lakini haikuwahi kumwangusha. Ndani mle mlikuwa na feni ndogo, inavuma kama nzi aliyeingia kwenye chupa. Mwantumu alikuwa anaisikiliza. Ikivuma sana anaizima, anaiacha ipoe, anakwenda kuchambua mchele wake. Walikuwa wanaelewana.

Basi Shekiondo akaona jioni kompyuta imekaa bure. Akaanza kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu. Kisha akaleta filamu, watu wakawa wanajaa barazani kutazama. Ikawa asubuhi inachapa, mchana inaimba, jioni inapigana ngumi na wahindi wa kwenye filamu, na ikichelewa kidogo inapigwa kofi ubavuni. "Vivu hili," anasema. Kitu kinafanya kazi ya watu watatu, kinaitwa kivivu!

Akaamua kuiongezea nguvu. Akanunua kibao cha kumbukumbu kikubwa kuliko kile cha zamani, na feni kubwa yenye taa nyekundu na kijani, maana ameiona kwenye duka la mwenzake ikampendeza. Mwantumu akamwambia kwa adabu kabisa, "Baba Sharifa, tuifungue kwanza tuangalie. Si kila kumbukumbu inakubali humu. Na hiyo feni tuipime, tusije tukakuta haikai."

Akamcheka mbele ya wateja. "Mama Sharifa, kufuli gani limenishinda mimi hapa sokoni? Hiki kidude ndicho kitanishinda?"

"Kachape barua zako, shemeji," mmoja wa wateja akadakia, na wote wakacheka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo roho yangu inapochafuka kila nikikumbuka.

Kile kibao cha kumbukumbu ni kitu chembamba, hakizidi kiganja. Chini kina meno ya rangi ya dhahabu, na katikati ya meno pana pengo. Huku kwenye ubao mkubwa wa kompyuta pana mfereji wa kukipokea, na ndani ya mfereji pana kinundu. Pengo likikutana na kinundu, kibao kinaingia bila ugomvi. Visipokutana, hakiingii. Hiki alichonunua hakikuingia. Pengo lilikuwa huku, kinundu kule. Mtu mwingine angekirudisha dukani. Shekiondo ni mtu wa funguo, na kwa mtu wa funguo kitu kikikataa kinapigwa tupa. Akachukua tupa yake. Akasugua lile pengo, akasugua, mpaka likawa pana kama mdomo wa kibogoyo. Akakigandamiza kwa vidole gumba viwili. Kikaingia.

"Si nilisema?"

Akaja kwenye feni. Ile ndogo akaing'oa, akaitupa. Ile kubwa matundu yake ya skrubu hayakulingana na ya kwenye ubao. Akaifunga kwa waya, kama mtu anayefunga kuku miguu. Ikaegemea pembeni. Pale panapofanya kazi yote na kupata moto wote, feni haikupagusa kabisa. Inampepea nani? Inampepea mtazamaji. Sanduku nalo likakataa kufunga, akaliacha wazi.

Akawasha. Taa zikamulika, feni ikazunguka, watu wa barazani wakapiga makofi. Lakini kioo kilikuwa cheusi, na kompyuta ikaanza kulia. Pii. Pii. Pii.

"Zima, baba Sharifa," Mwantumu akasema. "Inalalamika."

"Inazoea."

Ikaendelea kulia. Ikamkera mbele ya wageni. Akaingiza mkono mle ndani, akakitafuta kile kispika kidogo kinachotoa mlio, akachomoa waya wake. Kimya. Taa zinameremeta, kila mtu anasifu. Akavuta kiti akakaa, anangoja izoee.

Jamani! Kitu kinakulilia, unakinyamazisha, halafu unakaa unakitazama kinavyopendeza!

Mwantumu ndiye aliyesikia harufu kwanza. Akakimbilia waya wa umeme, akauchomoa, lakini moshi ulikwisha kutoka, mweusi, unanuka kama ndala iliyoangukia jikoni. Watu wakatoka barazani mmoja mmoja. Na Shekiondo, unafikiri alisema nini? Alisimama mlangoni akawaambia wale watu, "Kompyuta yenyewe ilikuja mbovu toka kwao."

Toka kwao! Mmelisikia neno hilo?

Asubuhi wakaipeleka kwa fundi wa kompyuta, mzee mmoja jina lake Machano, si mtu wa maneno mengi. Akafungua, akachungulia. Akakitoa kile kibao, akakigeuza kwenye mwanga.

"Nani kapiga tupa hapa?"

Mzee akaweka kidole kwenye lile pengo. "Hili hawakuliweka kwa urembo," akasema. "Limewekwa ili kibao kiweze kukataa pasipokuwa pake. Ukiliondoa, umekinyima kukataa, lakini hujakifanya kiwe cha hapa." Kisha akausukuma ule ubao mkubwa ulioungua. "Huu hauna dawa."

Shekiondo akakohoa, akarudia palepale mbele ya mzee. "Hata hivyo ilikuwa mbovu. Ilikuja hivyo."

Mwantumu akamtazama mumewe, akasema, "Ilikuja nzima, baba Sharifa. Ilikataa, ukaipiga tupa. Ikalia, ukaichomoa sauti. Leo imekufa mkononi mwako ndiyo unaiita mbovu."

Akajifunga mtandio wake vizuri, akatoka. Hakushika njia ya nyumbani.

Watu wakamlaumu. Kwa kitu cha bati tu, wakasema, mwanamke anaacha nyumba? Mimi nawasikia mpaka leo wanaosema hivyo, na nyumbani kwao najua kuna nani anaungua kimya huku wageni wanasifu taa.

Basi nyinyi mliokaa hapa, mnaotwika watoto wa watu mizigo kisha mnawarudisha kwao mkisema walikuja wabovu, yupi kati yenu aliwahi kumuuliza mmoja wao anaweza kubeba nini, akakaa akangoja jibu?