Wema wa Sultani wa Mirewa

Hapo zamani, katika mji wa Mirewa, alitawala Sultani Hafidhi, naye alikuwa na kiwanda cha ngozi huko juu, ukingoni mwa kijito. Ngozi zililowekwa kwa chokaa, na maji yake yakamwagwa papo hapo kijitoni, yakateremka mjini yananuka. Mboga zikanyauka, watoto wakaumwa matumbo. Watu walipolalamika, Sultani akawajengea birika la marumaru sokoni, akaandikisha juu yake kwa dhahabu, "Wema wa Sultani." Lakini maji ya birika yalitoka kijito kile kile.

Basi ikafika siku ya kumshukuru Sultani, watu wakaja wameziba pua. Akaghadhibika.

"Enyi msio na shukrani! Kesho mmoja wenu aje barazani anirudishie wema wangu, vile vile ulivyowafikia, bila kuongeza wala kupunguza. Akishindwa, mji mzima nitauhamisha."

Watu wakalia, maana nani awezaye kurudisha wema? Alikuwapo fukara mmoja, Shekue, mshona makubadhi, ambaye wote walimwona punguani. Akasema, "Nitakwenda mimi."

Mkewe akamshika kanzu. "Utaniachia watoto, mume wangu!"

"Hao watoto ndio wanaonipeleka."

Asubuhi Shekue akaingia barazani na gudulia, akapiga magoti, akamimina kikombe. "Maulana, wema wako huu. Pokea unywe."

Sultani akakisogeza kikombe mdomoni, harufu ikampanda, akakohoa hata machozi yakamtoka. "Ewe mpumbavu! Mimi nilitoa birika la marumaru!"

"Naam, Maulana, nilijaribu kulibeba, likanishinda. Nimeleta kilichomo. Wallahi sikuongeza kitu. Na kupunguza tungependa sana, ila hatujui namna."

Mawaziri wakainamisha nyuso. Sultani akakitazama kikombe, aibu ikamwingia. Kisha akaangua kicheko. "Umenirudishia kweli!" Akaamuru maji ya chokaa yachimbiwe mashimo mbali na kijito, yasimwagwe humo tena. "Nawe, Shekue, omba utakacho."

"Naomba jiko la jumba lako lichote maji kwenye birika letu, Maulana, unywe wewe na wanao."

Mawaziri wakaguna, lakini Sultani alikwisha kuahidi. Ikawa kijito kikatakata, mboga zikastawi, watoto wakanawiri. Na kila alfajiri, mtu wa kwanza kufika sokoni kuyanusa maji alikuwa Sultani mwenyewe.