Jina Moja kwenye Fomu ya Mama Ndeshi

Sogeeni. Mwenye haraka aende zake sasa hivi, maana hadithi hii mwanzo wake ninao, kati yake ninayo, mwisho sinao. Nimeutafuta mpaka nimechoka, na unanisumbua. Ndiyo maana nimewaletea ninyi.

Katika nchi moja ya milimani, msiniulize ipi, walikuwako mawakili watatu waliofanya kazi katika ofisi moja yenye meza tatu na birika moja la chai. Wa kwanza, Elinaike, alijaliwa macho. Karatasi ambayo wewe ungeifungia maandazi, yeye aliisoma mbele na nyuma. Wa pili, Ruwaichi, mtu mzima mwenye mvi, alijaliwa masikio. Alikaa na mtu kimya mpaka mtu huyo akasema jambo ambalo hata mkewe hajawahi kuambiwa. Wa tatu, Tumsifu, mdogo wao, alijaliwa ulimi. Ulimi ule, jamani! Alikuuliza swali mahakamani ukadhani anakujulia hali, kumbe unajifunga mwenyewe.

Wote watatu walitaka kitu kimoja: ubingwa wa sheria za ardhi. Kwao, kuwa wakili ni jambo moja. Kuitwa bingwa ni mpaka Bodi ikuidhinishe, na Bodi ile haina mchezo. Inataka miaka saba ya kazi, mashauri thelathini ya ardhi, mtihani wa siku nzima, na barua za siri za majaji na mawakili waliokuona kazini. Hayo yote walikwisha kuyatimiza. Lilibaki sharti la mwisho: shauri moja zito uliloliongoza wewe, na mwenye shauri aape kwa maandishi kwamba ndiwe uliyeliongoza. Shauri moja, wakili mmoja.

Basi akaja Mama Ndeshi, mjane. Mumewe alimwachia kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, na humo humo akazikwa. Pembeni yake alilala binti yao, aliyefariki akiwa na miaka tisa. Sasa shemeji yake, Kundaeli, aliyekulia mjini, alikuwa ameleta mahakamani hati inayosema marehemu alimwuzia kihamba chote kabla ya kufa. Alitaka kujenga nyumba ya wageni, na pale kwenye makaburi ndipo alipopanga kuegesha magari. Makaburi yafukuliwe, alisema, yahamishiwe kwingine.

"Mimi sina hati," mama aliwaambia. "Nina makaburi mawili tu."

Wote watatu wakaichukua kesi. Nani kiongozi? Hakuna aliyeuliza. Watu ambao kutwa kucha huwaambia wateja, "Andikianeni, msiaminiane kwa mdomo," wao wenyewe hawakuandikiana hata mstari mmoja! Ama kweli mganga hajigangi.

Elinaike aliichukua hati ya Kundaeli akaitazama. Shahidi aliyetia sahihi aliitwa Mzee Ngilisho. Akaenda kanisani, akaomba madaftari ya mazishi, akayapekua siku nne huku vumbi likimkaba koo. Siku ya nne akakuta kwamba Mzee Ngilisho alizikwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya hati. Maiti haitii sahihi. Lakini Kundaeli alipoonyeshwa daftari lile alicheka. "Karani alikosea mwezi. Ninyi hamjawahi kumwona karani akikosea?" Na hakimu akaonekana kumwelewa.

Ruwaichi alisikia kwamba jirani wa mama, Mzee Kiwaria, alikuwa rafiki mkubwa wa Ngilisho. Shida ni kwamba Kiwaria na mume wa Mama Ndeshi walikuwa wamenuniana miaka kumi na tisa, mpaka mmoja akafa, kwa sababu ya mfereji wa maji ambao marehemu aliugeuzia shambani kwake wakati wa kiangazi. Ruwaichi alikwenda Jumapili nne, akakaa barazani kwa mzee, akaambulia kikohozi. Jumapili ya tano alibeba jani la isale. Isale ndilo linalopandwa mpakani mwa mashamba, na ndilo hubebwa na anayeomba msamaha, na kwao aliyeletewa isale hakatai.

"Wewe si wa ukoo ule," mzee alisema.

"Si wa ukoo ule, baba. Lakini aliyekukosea hana miguu tena."

Mzee alilipokea jani, akalia. Kisha akasema jambo moja: rafiki yake Ngilisho hakuwa na mkono wa kulia. Ulikatwa na mashine ya kumenya kahawa, wangali vijana.

Mnashangilia? Bado. Neno hilo lingetangulia kusikika, Kundaeli angejibu kwamba mzee alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, na mambo yangeishia hapo. Tumsifu ndiye aliyeliona hilo. Akawaziba wenzake midomo. Siku ya ushahidi alimsogelea Kundaeli kwa upole.

"Mzee Ngilisho alikaa wapi siku alipotia sahihi hati?"

"Kwenye kigoda, pale mlangoni."

"Na mkono haukuwa ukimtetemeka? Wazee wetu, unajua tena."

"Hata kidogo! Alishika kalamu barabara kwa mkono wa kulia, nikimwona kwa macho yangu haya."

"Ahsante, ndugu yangu. Sina swali lingine."

Ndipo akaitwa Mzee Kiwaria. Aliposema alilolijua, mahakama nzima iliguna, na Mama Ndeshi akajifunika uso kwa kanga. Alishinda.

Laiti ningeweza kuishia hapo! Kundaeli alikata rufaa. Na katika nchi ile rufaa ya ardhi husimamiwa na wakili bingwa peke yake. Mabingwa wa ardhi walikuwa wawili tu. Mmoja alikwisha kuchukuliwa na Kundaeli, na wa pili alikuwa ameteuliwa kuwa jaji. Rufaa ingesikilizwa mwezi uliofuata. Bodi ilikuwa inakaa wiki ile ile Kundaeli aliyokata rufaa, na baada ya hapo haikai tena mpaka ipite miaka miwili. Mama akaletewa fomu ya Bodi amtaje aliyeliongoza shauri lake, na atakayetajwa ndiye angekuwa bingwa na kumsimamia kwenye rufaa.

Walimjia mmoja mmoja. Kila mmoja alikuja na mkate, na kila mmoja hakujua kwamba wenzake wamekwisha kuja.

"Mama, bila tarehe ile, nani angeishuku hati?" aliuliza Elinaike. "Na rufaa husikilizwa kwa karatasi. Nani anazijua karatasi zako kunishinda?"

"Bila Kiwaria, tarehe ile ingebaki kosa la karani," alisema Ruwaichi. "Mwakani nastaafu, mama. Sitaomba tena."

"Bila kumwachia aape kwanza, mkono wa Ngilisho ungekuwa hadithi tu," alisema Tumsifu. "Na huko kwenye rufaa mtu husimama akasema, mama. Nani atasimama akusemee?"

Mama Ndeshi aliwaonea huruma wote, na aliwaogopa wote. Pale ofisini birika lile moja halikuguswa tena. Kila mmoja alianza kuja na chai yake kwenye chupa.

Siku ya mwisho mama alipanda ngazi za Bodi, fomu ikiwa mkobani. Katibu, binti mmoja mpole, akampa kalamu.

"Mwanangu, niandike majina yote matatu?"

"Fomu yenye majina matatu inatupwa, mama. Na usipoandika jina, hutakuwa na bingwa. Kundaeli atasikilizwa peke yake."

Mama akavaa miwani. Juu ya nafasi ya jina palikuwa pamechapwa maneno haya: *Naapa kwamba wakili nitakayemtaja, na si mwingine, ndiye aliyeliongoza shauri langu.* Akayasoma mara mbili.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mimi nilishinda kwa sababu karatasi ya shemeji yangu ilisema uongo."

Katibu aliinamisha macho. "Pole, mama. Saa kumi tunafunga."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi.

Basi, jamani, mimi nimefika kwangu. Nisije nikasikia mtu ananijibu kwamba wote wanastahili. Hilo hata Mama Ndeshi alilijua. Kalamu hii hapa, nakupa wewe uliyekaa kimya muda wote huu. Je, utaandika la Elinaike, la Ruwaichi, au la Tumsifu, nawe unajua kwamba kwa jina lolote utakaloandika utakuwa umeapa uongo? Au utairudisha fomu tupu ukiwa na mikono safi, kisha uende kihambani ukamweleze mtoto wa miaka tisa kwa nini anafukuliwa?