Chumba cha Jumamosi

Usimuulize dalali, muulize afuaye. Ninyi mmeisikia methali hii mkiwa mmekaa vizuri na chai mkononi. Mimi niliisikia nimesimama uani jasho likinitiririka, na mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi. Ilianza hivi.

Leokadia, weka simu hiyo chini kidogo. Nimeona picha za chumba unachotaka kupanga huko Dodoma, ni kizuri, sijakataa. Lakini mama yako alipokutupia methali ulicheka, ukauliza afuaye ni nani na anafua nini. Na wewe Onesmo usijifanye unajua, nimekuona ukimwangalia dada yako upate jibu. Basi sikilizeni.

Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Kasulu, nimepata kazi Mwanza kwenye karakana ya magodoro. Zamu yangu ilikuwa ya usiku, mapumziko Ijumaa na Jumamosi. Asubuhi wenzangu walikwenda kulala, mimi nilikwenda kutafuta pa kulala. Nilikuwa nimejibanza kwa binamu yangu Filbeti, mwenye mke, watoto na vyumba viwili. Nilipojilaza kwenye kochi, watoto ndio kwanza walikuwa wanaamka, na kochi lilikuwa uwanja wao. Mkewe binamu alianza kuosha sufuria kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.

Nikaingia mitaani. Mji ule sikuujua. Kila kilima kina nyumba juu ya mawe, na kila nyumba ina njia yake ya kupandia inayojulikana na wenyewe tu. Mwenye nyumba wa kwanza alichungulia nyuma ya mgongo wangu, akitafuta mke. Hakumwona. "Bachela hatuchukui," akasema, akafunga mlango. Nyumba ya pili bachela walichukuliwa, lakini geti lilifungwa saa tatu usiku, na mimi wa zamu ya usiku ningepita wapi, juu ya ukuta kama paka? Nyumba ya tatu ilikuwa na choo safi sana, ila kilikuwa cha jirani.

Na kumbukeni, sikuwa natafuta chumba changu peke yangu. Kasulu nilikuwa nimemchumbia Verediana, huyu bibi yenu mnayemsikia jikoni. Barua ilikuwa imepokelewa, mambo yalikuwa mazuri, isipokuwa baba yake aliweka sharti moja: binti haondoki mpaka shangazi yake, Shangazi Bukuru, afike mjini aone kwa macho yake mahali atakapolala. Tena Kwaresima ilikuwa mlangoni, na Kwaresima padri hafungishi ndoa. Tukikosa kufunga ndoa kabla ya hapo, tungoje hadi baada ya Pasaka, na kulikuwa na mwalimu mmoja pale kijijini, mwenye baiskeli mpya, aliyekuwa akipita sana karibu na nyumba ya kina Verediana. Kwa hiyo wenye nyumba waliniuliza mke yuko wapi, na wenye mke waliniuliza nyumba iko wapi.

Ndipo nikakutana na Sefu. Sefu alikuwa dalali wa vyumba, kijana mwembamba mwenye maneno mengi, na hakunitazama nyuma ya mgongo hata mara moja. "Kaka, chumba chako ninacho," akasema. "Ila tutakwenda kukiona Jumamosi."

"Leo Jumanne. Kwa nini tusiende leo?"

"Jumamosi, kaka. Mambo mazuri hayana haraka."

Sasa hapo mtu mwenye akili angeuliza Jumamosi ina nini. Mimi nilifurahi kwamba nimempata dalali asiye na haraka.

Jumamosi tukapanda kilima. Chumba kilikuwa kikubwa, sakafu imepigwa nili, dirisha linaleta upepo. Kimya kilikuwa kimetulia hadi nikasikia kuku akikwaruza nje. Mimi niliyekuwa nalala na watoto wa Filbeti wananikanyaga kifuani, nilitaka kulia. Uani kamba zote zilikuwa zimejaa nguo: mashuka, kanga, suruali, sare za shule, mpaka mazulia. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wote kwenye mabeseni. Nikajisemea, hawa ni watu wasafi.

Karibu na mlango alikuwa mama mmoja, mnene, mikono imejaa povu, anaitwa Mama Minza. Sisi Waha tunajulikana kwa salamu. Kwetu ukimkuta mtu unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unamuuliza kulivyokucha, watoto, shamba, mbuzi, na yeye anakuuliza vyako, mpaka jua lisogee. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa mtu wa mjini. Nilimpungia mkono tu, nikasema, "Mambo," nikapita.

Mama Minza akaniita. "Kijana! Unapenda ugali?"

"Napenda sana."

"Basi umefika," akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Nilitaka kugeuka niulize wanacheka nini, lakini Sefu alikuwa ameshanishika mkono. "Twende kaka, twende, wapo watu watatu wanakisubiri." Mchana ule nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wa mjini, na jioni nikahamia na godoro langu.

Jumapili alfajiri niliamka nikidhani kilima kinaporomoka. Kikombe kilikuwa kinatembea juu ya meza. Kilifika ukingoni, kikaanguka, na sikukisikia kikivunjika. Ukuta ulikuwa unanguruma kama fahali. Na kutoka kwenye matundu ya juu ya dirisha unga mweupe ulikuwa unashuka polepole, unanikalia kichwani.

Nyuma ya ukuta wangu kulikuwa na mashine ya kusaga. Mlango wake ulitazama mtaa wa nyuma, ndiyo maana sikuiona. Na mwenye mashine alikuwa Msabato wa kweli: Ijumaa jua likizama anazima, Jumamosi yote yuko kanisani, Jumapili kabla ya jogoo anawasha. Watoto, Sefu alikuwa Mwislamu, lakini mtu aliyeiheshimu Sabato ile kuliko yeye sijamwona.

Nikamfuata. "Sefu, umeniuzia kelele!"

"Kaka, nimekutafutia chumba. Jirani hukuniagiza."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nikaenda kwa mwenye nyumba, Mzee Lushinge. Akanionyesha msingi aliokuwa anajenga pembeni na kuniambia kodi yangu imeshakuwa saruji, kama naweza kuichimba nichukue.

Basi nikaishi hivyo. Usiku natengeneza magodoro ya watu kulalia, mchana mimi silali. Nilijaza pamba masikioni, nikageuza kitanda huku na huku, nikajaribu kulala nimekaa. Nikitoka nje watoto wa mtaa wananiita Babu Krismasi kwa unga uliokuwa kwenye nyusi. Siku moja msimamizi alinikuta nimelala juu ya godoro ambalo halijashonwa upande mmoja. "Damiani," akasema, "tunakulipa uyatengeneze, siyo uyajaribu. Nikikukuta tena, rudi Kasulu."

Katikati ya hayo ikaja habari: Shangazi Bukuru anakuja Jumatano.

Jumatano! Nilikimbia hadi kwenye simu ya duka, nikapigia parokia ya kwetu, nikangoja aitwe. "Shangazi," nikasema, "Jumatano nina kazi nyingi. Njoo Ijumaa jioni, ulale kwa Filbeti, Jumamosi asubuhi nikuonyeshe chumba kwa utulivu."

"Jumamosi?"

"Jumamosi, shangazi. Mambo mazuri hayana haraka."

Mmeyasikia maneno hayo? Mimi sikuyasikia. Yalitoka mdomoni kama yangu.

Ijumaa mashine ilipozimwa nilifagia unga hadi chini ya kitanda, nikapangusa kuta, nikatandika shuka jipya. Kisha nikamwendea Mama Minza na kipande cha sabuni. "Mama, kesho mgeni wangu anakuja. Naomba tu, mambo ya mashine tuyaache."

Alipokea sabuni, akainusa. "Mimi mtu asiponiuliza, simwambii," akasema. "Hata wewe sikukuambia."

Nikalala vizuri, nikijua nimeshinda.

Asubuhi Shangazi Bukuru akapanda kilima. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Nikamwonyesha sakafu, nikamwonyesha dirisha. "Sikiliza upepo, shangazi. Sikiliza kimya. Hapa Verediana atalala kama mtoto." Yeye aliitikia, "Ee," na "Ee," akabonyeza godoro, akatoka nje. Nikashusha pumzi.

Nilifikiri tunaondoka. Kumbe shangazi hakuwa mtu wa mjini. Alimwona Mama Minza kwenye beseni lake, akaenda moja kwa moja, akachuchumaa mbele yake na kuanza kupiga makofi. "Mwakeye, mama. Mwakeye."

Mama Minza akafuta povu, naye akaitikia kwa Kisukuma chake, "Mwangaluka, mwangaluka." Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wala hawakuihitaji. Wakaulizana watoto kwa Kiswahili. Wakaulizana mvua. Wakafika kwenye bei ya maharage. Mimi nilisimama pembeni kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Shangazi, jua linapanda."

"Liache lipande, ndiyo kazi yake." Akashika ncha moja ya shuka, Mama Minza ncha nyingine, wakaanza kulikamua. Maji yakamwagika miguuni mwangu. Ndipo akatazama kamba zote zilizojaa, na mabeseni yote yaliyojaa, akasema, "Mwenzangu, mbona nyumba nzima mnafua leo? Kuna sherehe?"

Mama Minza akanitazama. Mimi nikamtazama kwa macho ya sabuni niliyompa.

"Umeuliza, mama?"

"Nimeuliza."

"Hakuna sherehe. Siku nyingine tukianika, unga unashuka juu ya nguo, ukivaa unaonekana umetoka kukanda chapati. Nyuma ya chumba cha huyu kijana kuna mashine ya kusaga. Leo mwenyewe yuko kanisani. Njoo kesho alfajiri, hutahitaji kuuliza."

Shangazi alirudi chumbani bila haraka. Akapiga chandarua kofi moja tu. Wingu jeupe likatoka, likamzunguka, likamkalia kwenye kilemba.

"Shangazi," nikaanza, "hata mimi nilidanganywa! Dalali ndiye aliyeniambia Jumamosi, dalali ndiye aliyekisifu..."

"Dalali yupi?" akauliza akikung'uta kilemba. "Wako au wangu?"

Uani wanawake walicheka hadi mtoto mmoja akaanza kulia. Mimi sikuwa na pa kuweka uso. Akilini nilimwona mwalimu wa baiskeli mpya akiingia uani kwa kina Verediana, anaegesha, anakaribishwa kiti.

Lakini shangazi hakunigeukia mimi tena. Alimgeukia Mama Minza. "Mwenzangu, wewe ungekuwa unamleta binti yako katika nyumba hii, ungemlaza wapi?"

Mama Minza hakufikiri. "Kile cha pembeni kule, Mzee Lushinge anapoweka mkaa. Ukuta wake wa nyuma ni jiwe la kilima lenyewe. Nilipojifungua Minza nililala mle mwezi mzima, maana ndimo pekee mtoto alimoweza kulala."

Tukaenda. Mlango ulikuwa mfupi, ndani giza, magunia ya mkaa mpaka darini. Shangazi aliinama, akaingia, akaweka kiganja kwenye jiwe, akakaa juu ya gunia akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa.

Nitawaambia ya mbele kabisa, ili Onesmo asinikatize. Mzee Lushinge alikubali kubadilisha upesi sana, maana chumba changu cha kwanza angeweza kukipangisha tena. Jumamosi. Tulitoa mkaa, nikapiga chokaa, na ndoa ilifungwa kabla ya Jumatano ya Majivu. Mama yenu alizaliwa tukiwa mle, na Mama Minza ndiye aliyemshika wakati wa ubatizo. Lile jiwe lilikuwa baridi mchana, na kelele ya mashine ilipofika kwake ilichoka. Methali shangazi aliibeba hadi Kasulu, akaisema kwenye harusi yetu, watu wakaichukua.

Lakini siku ile pale mlangoni nilikuwa bado nabisha. Mjinga hachoki upesi. Nilikuwa nimechafuka mkaa juu ya unga, weusi juu ya weupe, na nilikuwa na uchungu.

"Shangazi, hii ni stoo! Binti yenu nimlaze kwenye stoo ya mkaa? Nipe wiki moja tu, nimtafute dalali mwingine, mwaminifu, atupatie chumba cha maana. Hiki hata Sefu, na uongo wake wote, hakuthubutu kunionyesha!"

Shangazi Bukuru akafumbua macho, akainuka kwenye gunia, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Ndiyo sababu nakiamini," akasema. "Usimuulize dalali, muulize afuaye."