Vinundu vya Mizizini

Mtu mmoja, Ambokile, alikuwa msimamizi wa shamba la ukoo, na humo aliishi mjane wa marehemu mdogo wake, Tusekile, na watoto watatu. Ukoo ulimpa mjane msimu mmoja tu. Akivuna, atabaki, asipovuna, arudi kwao. Msimu mmoja, kwenye ardhi ambayo Ambokile mwenyewe aliichosha kwa mahindi miaka kumi bila kuirudishia hata samadi ya mbuzi.

Mbolea ya dukani Tusekile hakuiweza. Kwa bwana shamba alipata pakiti ya unga mweusi wenye vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa kwenye mizizi ya maharage na kuyatengenezea chakula kutoka hewani. Akaupaka kwenye mbegu kwa maji ya sukari, kivulini, akapanda siku hiyohiyo, maana jua huviua. Wiki ya sita maharage yalikuwa yamesitawi hata wapita njia wakawa wanasimama kuyatazama. Yakaanza kutoa maua.

Ambokile akaja kukagua, na uzuri ule ulimuudhi. Aling'oa mche mmoja, akakuta mizizi imejaa vinundu. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Wekundu ule ndio dalili kwamba vijidudu viko kazini, na bwana shamba angemwambia hivyo kama angeulizwa. Hakumuuliza. Hakumuuliza hata aliyepanda. Alitangaza kuwa ni ugonjwa, kwamba wadudu wananyonya shamba la ukoo na mjane ndiye aliyewaleta. Akaita vibarua. Wakang'oa shamba zima, wakayalundika maharage juu ya mabua makavu, wakatia moto.

Tusekile alirudi kutoka kisimani akakuta moshi, na wazee wa ukoo wamesimama pembeni wakitazama. Hakulia. Hakuitua hata ndoo. Alimgeukia Ambokile, akasema neno moja tu.

"Shemeji, wadudu hao umewakuta jikoni ukasema wanadokoa. Hukuuliza ni nani anayekupikia."

Wazee wakakohoa. Wakasema makubaliano ni makubaliano: msimu umekwisha, na mavuno hakuna. Hakuna aliyethubutu kutaja ni nani aliyeyachoma. Tusekile akafunga virago, akaondoka na watoto wake. Mwaka uliofuata Ambokile alipanda mahindi pale pale. Yakatoka mafupi, ya manjano, naye akailaumu mvua.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, mliokuja hapa mmeshiba: nyumbani kwenu ni nani mnayemwita mnyonyaji?