Mbuzi wa Ambokile katika Kunde za Nakijwa

“Mbuzi hula jani, mzizi haufikii.”

Mmecheka. Mmemsikia mama mkubwa akimwambia hivyo dada yenu aliyerudi kutoka chuoni na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, mkadhani amemwita mbuzi. Tulieni niwaeleze. Methali nyingine tumeachiwa na wahenga wenye ndevu. Hii tumeachiwa na mbuzi mwenye ndevu, na ilianza hivi.

Katika chuo kimoja cha kilimo palikuwa na msichana aitwaye Nakijwa, Mpare wa Same, mwembamba, mbishi kama kiatu kipya. Shahada haikumpokea kwa mikono miwili. Mwaka wa kwanza kemia ilimlaza chali, akarudia mtihani. Mwaka wa pili takwimu zikamlaza kifudifudi, akarudia tena. Wenzake wakiwa likizo, yeye alikuwa maktaba akitafuna hesabu. Wenye midomo walishamtabiria kudisko, yaani kufukuzwa masomo. Hakudisko. Akafika mwaka wa tatu, ukabaki utafiti tu, na kanuni ilikuwa moja: asiye na utafiti hahitimu.

Akapanda kunde za aina nne, apime ipi inazaa zaidi. Alipalilia mwenyewe, alimwagilia mwenyewe, na maua yalipotoka akatembea kifua mbele kama mwenye harusi.

Rafiki yake Ambokile, yeye utafiti wake ulikuwa mbuzi. Alimpimia chakula kila siku, kisha akampima uzito, ajue ni chakula gani kinanenepesha. Asubuhi moja alisahau kufunga komeo la zizi. Mbuzi, ambaye hakuwa amesoma kanuni za utafiti, akaenda kujipimia mwenyewe. Nakijwa alipofika shambani alikuta vijiti vitupu, na mbuzi amelala katikati yake anacheua.

Alikaa chini kwenye udongo. Msimu ulikuwa umekwisha. Kupanda upya kulimaanisha kurudia mwaka mzima, na nyumbani walishamwonya kwamba mwaka wa nne hautakuwepo.

Ambokile akaja mbio, akaona, akashika kichwa. Kisha akachuchumaa karibu naye.

“Dada, sikiliza. Tupike takwimu. Wewe andika mavuno, mimi niandike mbuzi hakutoka. Nani atajua?”

“Nitajua mimi.”

“Acha utakatifu! Watu wote wanapika, wewe tu unataka kulala njaa?”

“Ambokile, kuna mkulima atapanda mbegu nitakayoisifia. Ikimwangusha, nitampikia takwimu ale na wanawe?”

Ambokile akainuka, akamkokota mbuzi wake hadi zizini.

Nakijwa akawa anarudi pale kila siku kuvimwagilia vile vijiti. Wapita njia walimpigia kelele: “Mama Vijiti! Leo unapika supu?” Naye akajibu, “Karibuni, mje na chumvi.” Wiki haikuisha, akaona kitu. Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa utafiti wake, Dakta Kahimba, mtu ambaye wanafunzi walimwogopa kuliko mtihani wenyewe.

“Shikamoo, Dakta. Kunde zangu zimeliwa na mbuzi.”

“Marahaba. Zote?”

“Majani yote. Mzizi hakuufikia. Aina mbili zimekauka, mbili zinachipua. Naomba nibadilishe swali: mbuzi akishapita, ni kunde gani inainuka?”

“Na zisipoinuka?”

“Nitaandika kwamba hazikuinuka, nirudi nyumbani.”

Dakta akavua miwani. “Mbuzi wa nani?”

Nakijwa alijua jina hilo lingemzamisha mwenzake. Dakta akarudia swali, safari hii kwa ukali. Hapo mlango ukafunguka. Ambokile alikuwa amesimama nje muda wote, akijikusanya.

“Wangu, Dakta. Shikamoo. Na utafiti wangu nao umeharibika. Mbuzi ameongezeka kilo nzima, na si kwa pumba zangu.”

Dakta aliwatazama, huyu kisha yule, kama mtu anayekagua mbegu. Hatimaye akamwambia Nakijwa, “Unangoja nini? Nenda ukamwagilie.”

Zile kunde za aina mbili ziliinuka. Hazikuzaa sana, lakini zilizaa. Nakijwa akasimama mbele ya jopo la watahini akaeleza yote, mbuzi akiwemo, bila kuficha hata jani. Akapata B. Si A, msije mkamwongezea! Nimeona A nyingi katika maisha yangu, nyingine zimepikwa hadi zikaungua. Lakini ile B ndiyo ninayoivulia kofia.

Ambokile je? Alianza upya na mbuzi mwingine, ikambidi abaki mwaka mmoja nyuma. Siku ya kwanza alipoingia darasani na wale waliokuwa chini yake, mmoja akamchokoza: “Kaka, wenzako wameshavaa majoho. Wewe mbona bado unahangaika na sisi watoto?”

Darasa zima likacheka. Ambokile naye akacheka. Akaenda mpaka kiti cha mbele kabisa, akaketi, akafungua daftari jipya.

“Mbuzi hula jani, mdogo wangu,” akasema. “Mzizi haufikii.”